Sigara Isiyowaka Getini Changamwe

Vijana wangu wa geti, siku ya kuniaga mliniambia niketi niandike. Kuandika naweza, kuketi ndiko kulikonishinda. Tangu nistaafu naamka kabla ya adhana, navaa viatu, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna lori linalonisubiri. Navua viatu, nazunguka uani, navivaa tena. Mke wangu Mwanahamisi ananiambia, "Athumani, hebu tulia, nyumba nzima inatikisika." Nikijaribu kutulia, mkono unakwenda wenyewe mfukoni kutafuta kizibo cha soda kilichochakaa. Kizibo hicho nitakifikia. Msinikimbize, mbio zangu zinanitosha.

Sitawaandikia vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa viwili: askari wa geti, na askari wa geti mzee. Nitawaandikia habari za mikono na mifuko ya watu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.

Niliingia pale dipo la mafuta mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya hapo nilikuwa nikibeba magunia bandarini, hata mgongo ukaanza kulalamika. Nilikuwa nakaa Likoni, nyumba ya wazee wangu, na dipo lenyewe mnalijua liko Changamwe, kwa hivyo kila siku navuka maji, napita mjini, natoka upande wa pili. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe nililopiga pasi na sigara iko mdomoni. Askari mmoja mzee aliyekaa getini juu ya kigoda aliniangalia akatikisa kichwa polepole. Huyo alikuwa Mzee Mwinyi, mtu wa Likoni kama mimi, mtafunaji wa tambuu, mpole wa maneno. Ndiye aliyenifunza kazi.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo iliyo mdomoni itupe pale kwenye mchanga. Kisha uje nikuoneshe unalinda nini."

Akanipeleka ndani. Matangi makubwa ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa, na mbele yake banda la kupakia, ambapo malori yalijazwa kutoka juu. Akaniambia nivute pumzi. Nikavuta, harufu ikanipanda kichwani. "Unachonusa ndicho kinachoua," akasema. "Petroli ikimiminwa, hewa yake hutoka juu ya lori ikashuka chini, ikatambaa. Huioni. Ikikutana na moto wa njiti moja, hupati hata nafasi ya kutoa shahada." Nikamwambia nimefahamu. Akasema, "Bado. Utafahamu siku utakayosikia njiti ikikwaruzwa humu ndani."

Sheria ya kwanza basi, na nyinyi mnaijua: kiberiti hakipiti getini. Sigara haipiti, kiko cha tumbaku hakipiti, tochi ya kawaida haipiti. Kila mtu, awe dereva, mpishi au meneja mwenyewe, huacha kiberiti chake katika vile vijumba vya mbao ukutani, akapewa kipande cha bati chenye namba, na akitoka hurudishiwa mali yake. Mwenye kiu ya moshi ana kibanda chake nje ya ukuta, na humo ndani hamna kiberiti pia, ila ule waya wa umeme ukutani unaokuwa mwekundu ukibonyeza, unauinamia kama unayembusu mkeo.

Somo la pili la Mzee Mwinyi lilikuwa la kiganja. "Usimuulize dereva, 'Una kiberiti?'" akaniambia. "Ukiuliza, umempa nafasi ya kusema sina. Wewe nyoosha kiganja, kaa kimya, mtazame. Akishatoa, mpe kipande chake, kisha mwambie neno moja: Pita." Nilidhani ni mzaha wa kizee. Wallahi, kiganja kile kilitoa viberiti kwa watu waliokuwa wamekwisha kula yamini kwamba hawana.

Si wote lakini. Wapo waliokuwa na vipaji. Yuko dereva aliyekuja na boflo mkononi, anakula huku anatucheka, kumbe katikati ya ule mkate amechimba shimo akatia kiberiti. Yuko aliyefunga bendeji mguu mzima, anachechemea vizuri hata nikamwonea huruma, mpaka Mzee Mwinyi alipomuuliza mbona jana alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Na yuko mmoja aliyeificha laita ndani ya chupa ya chai. Tulimwambia atumiminie vikombe viwili. Alituangalia sana kabla hajafungua kifuniko.

Na mimi mwenyewe, mpekuzi wa viberiti, nilikuwa mvutaji wa kutupwa. Mnacheka? Mzee Mwinyi naye alicheka. Kutwa nzima viberiti vya dunia viko nyuma ya mgongo wangu, na kila nafasi nikiipata nakimbilia kibanda cha moshi kuuinamia ule waya. Nikitoka kazini, sigara. Nikishuka kwenye feri, sigara. Mwezi wa Ramadhani mchana kutwa sigusi na wala sifi, lakini maghrib ikiadhiniwa mkono unaipita tende unakwenda kwenye pakiti. Mwanahamisi alikuwa akiniangalia tu.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, msichana wa kuanza skuli, mdomo wake hausimami. Alijua kazi yangu kuliko nilivyoijua mimi. Kila nikirudi nyumbani nilimkuta mlangoni kasimama, kiganja amekinyoosha, uso umekaza kama Mzee Mwinyi. Nami natoa peremende mfukoni, namwekea kiganjani, ndipo anasema, "Pita!" Bila peremende sipiti. Ulikuwa mchezo wetu.

Mtoto huyo alikuwa na pumu. Ilianza kama kikohozi cha usiku, tukampaka mafuta, tukampa asali, ikazidi. Siku moja kifua kilimbana hata akawa anavuta pumzi kwa mabega, kifua kinapiga mluzi, midomo imepauka, anatuangalia mimi na mamake kama anayetuuliza mbona hatufanyi kitu. Tulimkimbiza hospitali. Daktari, kijana wa bara mwenye haraka, alimpa dawa ya kuvuta, mtoto akatulia. Kisha akageuka akaninusa. Hakuuliza kwanza, alininusa.

"Nani anavuta sigara kwenu?"

"Ni mimi, daktari. Lakini mimi navutia nje."

"Na hilo shati unaliacha nje?"

Njia nzima mpaka Likoni nilikuwa nafungua kifungo cha shati nakifunga tena. Jioni ile nilivua nikalitundika uani juu ya kamba, nikaingia ndani kifua wazi. Halafu nikatoka kwenda kuvuta moja, ya kutuliza moyo.

Mwanahamisi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikunja nguo zake na za mtoto akazitia kwenye mkoba. "Nakwenda kwa mama Kisauni," akasema. "Sikuachi wewe, naikimbia sigara. Ramadhani unaweza kuiacha kutwa kwa kumwogopa Mungu. Kifua cha mwanao hukiogopi? Siku shati lako litakaponukia sabuni mpaka jioni, njoo utuchukue."

Nikabaki na nyumba. Hapo ndipo nilipojua kwamba kutotulia ni maradhi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilipanga viatu. Kila nikipita mlangoni nilitazama chini, pale kiganja kilipokuwa kikinyooshwa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda Kisauni. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa pua. Alinipokea barazani. Namwamkia, "Shikamoo, mama," ananiitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," vizuri kabisa, kwa heshima zote, kisha anasema, "Lete vidole." Nikimpa mkono ananusa vidole viwili hivi, ananusa kola ya shati, anarudi kukaa. "Bado." Neno hilo tu. Mimi niliyepekua madereva wa nchi nzima, nilipekuliwa na mwanamke mwenye kipepeo cha kujipepea mkononi. Zuhura alinisalimia kutoka ukumbini, yeye ndani mimi nje, katikati yetu pazia. "Shikamoo, baba!" "Marahaba, mwanangu!" Peremende nilimpa bibi yake ampelekee.

Nilijaribu kila kitu. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilinyonya ubuyu, nikatafuna mdalasini, Mzee Mwinyi akanipa tambuu nikaona kizunguzungu nikaketi kwenye mchanga mbele ya madereva. Mmoja akanipa ugoro. Nilipiga chafya mchana kutwa, na mwisho wa chafya nikaenda kibandani kuvuta. Haikuwa moshi tu, jamani. Ilikuwa mkono. Ilikuwa mdomo. Mtu amezoea kushika kitu, kukipeleka mdomoni, kuvuta, kukitoa. Ukimwondolea moshi, mkono unabaki unauliza, nami nifanye nini?

Aliyenijibu alikuwa jirani yangu Salim, baharia, aliyerudi safari akiwa na masanduku. Alinikuta barazani natafuna kijiti cha ufagio.

"Yakhe, unakula ufagio?"

Nikamweleza. Akaingia ndani kwake akatoka na kitu kidogo kwenye karatasi. Ilikuwa sigara ya plastiki, nyeupe, nyuma rangi ya udongo, mbele imepakwa wekundu kama inayowaka. Ndani yake pamba yenye harufu ya mnanaa. Ukiiweka mdomoni ukavuta, unapata hewa baridi kooni, kama umevuta, na hakuna moto, hakuna moshi, hakuna harufu ya kuchukuliwa na shati. Alisema aliinunua kwenye duka la dawa huko ng'ambo.

"Na wewe mbona huitumii?"

"Mimi imenishinda. Nikiivuta hii, nakumbuka ile. Jaribu wewe."

Niliivuta pale pale. Mkono wangu, alhamdulillahi, ukanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa mateso tu, nisiwadanganye. Usiku niligaragara, kazini niligomba na watu, nilimfokea mpaka mpishi kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Lakini kila kiu ikija naipachika ile plastiki mdomoni, nauma, navuta. Pamba ilipopoteza harufu niliitoa kwa pini nikatia nyingine yenye matone ya mafuta ya mkaratusi. Wenzangu walinifanya kichekesho. "Athumani, nisaidie moto!" "Athumani, hiyo yako jivu lake unamwaga wapi?" Nikawaambia chekeni, kinachochekesha hakiui. Mzee Mwinyi peke yake hakucheka. Aliitazama ile nukta nyekundu mbele ya plastiki, akatema tambuu yake, akasema, "Inafanana mno." Sikumtilia maanani.

Vidole vyangu vikaanza kurudi rangi yake. Ijumaa moja Bi Mwanaidi alininusa akasema, "Leo si mbaya." Ijumaa ya baadaye alininusa mara mbili, kola, kwapa, vidole vyote, mpaka nikaona haya. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka kidogo kidogo. Bi Mwanaidi akakaa chini akajipepea. "Ijumaa ijayo, inshallah, ukinukia hivi hivi, uje uwachukue watu wako." Kutoka Kisauni mpaka Likoni sikumbuki nilipita wapi.

Alhamisi yake, siku moja kabla, ndipo ikatokea.

Ilikuwa mchana, jua la kichwani, malori yamepanga foleni ndani ya ukuta kusubiri kupakia. Mzee Mwinyi alinituma bandani nikamwambie msimamizi kwamba lori la nyuma lina tairi bovu. Nikaenda na plastiki yangu mdomoni. Nilikuwa nimeizoea hata sikuihisi, kama mtu asivyoihisi kofia. Nikapita ubavuni mwa malori, mikono nyuma, navuta hewa yangu ya mkaratusi, nikiwaza Ijumaa.

Nyuma yangu nikasikia, charr.

Nimesikia sauti hiyo mara ngapi maishani mwangu! Ndani ya ukuta ule nilikuwa sijapata kuisikia. Niligeuka nikamwona dereva mmoja, Mutiso, mtu mzima, mtu mzuri, kaegemea mlango wa lori lake, sigara iko mdomoni, kiberiti mkononi, anaitazama njiti iliyokataa kuwaka. Akaitupa. Akatoa ya pili. Na hatua chache mbele yake petroli inamiminwa, hewa ile juu ya lori unaiona inacheza kwenye jua.

Sijui nilifikaje. Najua nilimrukia, nikamshika mkono na kiberiti chake pamoja, nikaubana kwa mikono yangu miwili mpaka akapiga kelele. Tulianguka wote. Msimamizi akapuliza filimbi, pampu zikazimwa, watu wakakimbia huku na huku. Mutiso yuko chini amenikodolea macho, haelewi.

"Askari, kwani ni nini? Si wewe mwenyewe unavuta?"

Nikagusa mdomo wangu. Plastiki bado ilikuwa pale, nimeiuma karibu ipasuke.

Tukapelekwa kwa meneja. Mutiso alisema ukweli wake bila kuficha. Kiberiti alikificha ndani ya soksi kwa sababu ya safari ndefu, hakuwa na nia ya kukitumia mle ndani, miaka yote hakupata. Lakini amekaa kwenye foleni kiu inamuuma, akamwona askari wa geti, yule yule mkali, anapita mbele yake na sigara inayowaka. "Nikajua leo wameruhusu," akasema. Na kilichotuokoa sote siku ile kilikuwa soksi yake. Joto la Changamwe na jasho la mguu vilikuwa vimeilowesha njiti.

Mutiso alirudishwa na lori tupu, na dipo lile hakukanyaga tena. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Mimi niliachwa, maana Mzee Mwinyi alisimama mbele ya meneja akasema tangazo la getini lina kiberiti, sigara na moto, plastiki halina. Tulipotoka nje nilitaka kumshukuru. Hakutaka shukurani. Nami nikaanza kujitetea, nikasema ile si sigara, ni hewa tu, ni dawa yangu, kosa liko wapi?

"Ulichokivuta wewe ni hewa," akasema. "Alichokiona yeye ni sigara."

Akanyoosha kiganja. Akanyamaza. Akanitazama.

Nikaitoa plastiki yangu nikampa. Akaitia kwenye kijumba ukutani, akanipa kipande cha bati, namba sikuitazama. Meneja akaagiza isitoke mpaka mkuu wa usalama atakapokuja kuiona Jumamosi. Jumamosi! Na mimi kesho yangu ni Kisauni.

Jioni ile nilisimama kwenye kioski cha pale stendi, mahali nilipokuwa nikinunua sigara moja moja miaka na miaka. Mwenye kioski alinijua. "Athumani, umepotea! Nikupe ile yako?" Akaitoa, akaniwekea kati ya vidole viwili, na vidole vikaishika kama havijapata kuachana nayo. Nikawaza, moja tu. Bi Mwanaidi hatajua, naoga, nafua. Nikawaza, kesho harufu itakuwa imekwisha kutoka. Niliwaza mengi, na yote yalikuwa mazuri.

Mteja aliyekuwa ubavuni mwangu akawasha yake. Charr.

Nilishtuka hata nikapiga kichwa kwenye dirisha la kioski. Sigara ilianguka mchangani. Macho yanatafuta lori, yanatafuta banda, na hapa ni stendi tu, watu wanakwenda zao. Yule mteja akaniuliza, "Vipi mzee, pepo?" Sikuiokota. Nikanunua peremende, nikaondoka karibu nikimbie.

Ijumaa nilifua shati kwa sabuni ya mche, nikalipiga pasi, nikaoga kabla ya swala na baada ya swala. Suruali sikuifikiria, nikavaa ile ile ya kazini, maana shati ndilo lililokuwa na kesi. Nikafika Kisauni alasiri. Bi Mwanaidi akanitaka vidole. Akanusa kimoja kimoja. Akanusa kola. Mwanahamisi kasimama mlangoni na mkoba tayari, ananitazama kwa macho ambayo nilikuwa sijayaona kwa miezi.

"Haya," akasema Bi Mwanaidi. "Mwiteni mtoto."

"Zuhura!"

"Abee!"

Akatoka mbio, kisha akasimama ghafla kizingitini, akajinyoosha, akakaza uso. Kiganja mbele.

Jamani, nilitaka kulia. Nikatia mkono mfukoni haraka nitoe peremende, nikamwekea kitu kiganjani. Nikaona uso wake umebadilika. Nikatazama. Kilikuwa kiberiti. Kiberiti cha Mutiso, kilichopondeka upande mmoja, ambacho katika yale mahangaiko nilikitia mfukoni nikakisahau.

Mwanahamisi aliuweka mkoba chini.

"Lahaula!" Bi Mwanaidi akasimama. "Mwanamume huyu! Unakuja kuninusisha sabuni na mfukoni umebeba moto?"

"Mama, si changu, wallahi, ni cha dereva, jana kule kazini…"

"Si chake, ni cha dereva," akamwambia bintiye. "Umesikia? Wavutaji wote hawana viberiti, viberiti ni vya watu." Akakichukua kiganjani mwa mtoto. "Sawa. Kitanifaa kuwashia jiko." Na pale pale mbele yangu akatoa njiti, akaikwaruza.

Charr.

Vijana wangu, mimi sikumbuki kuruka. Ninachokumbuka ni kwamba nimemshika mama mkwe wangu mkono, kwa mikono yangu miwili, nimeubana na kiberiti ndani yake, na mimi ninapiga kelele, "Zimeni pampu! Zimeni pampu!" Kofia yangu iko chini. Jasho linanitiririka usoni. Majirani wamechungulia. Mkwe hamshiki mama mkwe wake mkono hivyo, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Nilipozinduka nikamwachia, nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikaomba radhi. Nikawaeleza yote, kwa kukatakata: lori, petroli, Mutiso, plastiki, kijumba cha Mzee Mwinyi. Nikawaonesha kile kipande cha bati. Bi Mwanaidi alikuwa anajisugua kifundo cha mkono, ananitazama, na ile njiti haikuwaka, imelala sakafuni.

"Mtu anayevuta," akasema mwishowe, polepole, "hakiogopi kiberiti namna hii." Akaokota kofia yangu, akaipangusa, akanipa. Mwanahamisi alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Zuhura hakuwa amesogea. Kiganja bado amekinyoosha.

"Kingine, baba?"

Nikageuza mifuko yote miwili nje. Peremende ndiyo iliyotoka. Akaipokea, akaitazama pande zote kama nilivyomfunza, akaingia ndani, akarudi na kizibo cha soda. Akanitia mkononi na kunifumba vidole juu yake. Akaja karibu, karibu kabisa, akanilalia kifuani juu ya lile shati, akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote, ikatoka yote, bila mluzi.

"Kipande chako hicho, usikipoteze," akasema. "Pita."